Livermore: Mtoto wa mkulima aliyevuna mamilioni sokoni na kuyapoteza

WAFANYABIASHARA wengi wa mazao wanaijua bei ya jana, ya leo na hata ya gulio la wiki ijayo, lakini wachache wamekwishaamua watafanya nini bei ikiwageuka. Wiki hii, ndugu msomaji, nimeona nikusimulie maisha ya mtu aliyelijua somo hilo kuliko wengi wa zama zake, akaliandika kitabuni, na bado likamshinda. Ni Jesse Livermore, mlanguzi wa hisa na nafaka wa Marekani.

Neno mlanguzi kwetu lina harufu mbaya tangu enzi za uhujumu uchumi, nami silitumii kwa kumtukana. Namaanisha mtu anayenunua na kuuza kwa kutegemea bei ibadilike, bila haja ya kukila wala kukisafirisha kitu chenyewe.

Alizaliwa Julai 26, 1877 huko Shrewsbury, jimbo la Massachusetts, katika familia ya mkulima. Alipofika umri wa miaka 14 hivi baba yake alimwachisha shule ili ashike kazi za shamba. Kijana alikuwa hodari wa hesabu na hakuutaka ukulima. Mama yake akampa dola 5 kwa siri, akatorokea Boston, akapata kibarua katika kampuni ya Paine Webber cha kuandika bei za hisa ubaoni.

Alikuwa na daftari dogo ambamo alinakili jinsi bei zinavyopanda na kushuka, akibashiri zitaelekea wapi, kisha akijisahihisha mwenyewe. Akiwa na miaka 15 alijaribu kwa fedha yake na kupata faida ya kwanza, dola 3 na senti 12.

Faida hiyo aliipata katika vijiduka vya kubahatisha bei vilivyokuwa vingi miaka ile. Mteja aliweka amana ndogo na kusema hisa fulani itapanda au itashuka. Hisa yenyewe haikununuliwa popote, bali mteja alikuwa akishindana na mwenye duka. Bei ikienda kinyume kwa kiasi cha amana, umekwisha pale pale. Ndiyo maana wateja wengi walitoka mikono mitupu hata walipokuwa wamekisia sawasawa, kwa kuwa bei hupepesuka kidogo kabla ya kwenda inakokwenda, na amana ndogo haistahimili mpepesuko. Livermore aliwashinda wenye maduka mpaka wakampiga marufuku.

Akahamia New York, kwenye soko halisi, na huko akapigwa. Mei 1901, wakati wa vurugu za hisa za reli ya Northern Pacific, alikisia vizuri mwelekeo wa bei na bado akapoteza kiasi cha dola 50,000. Amri zake za kuuza na kununua zilichelewa kutekelezwa, na bei aliyoiona haikuwa bei aliyoipata. Aliyewahi kuambiwa bei ya Kariakoo kwa simu, akapakia lori, akafika asubuhi ya pili na kukuta soko limejaa mzigo, hahitaji maelezo zaidi.

Sifa yake ilitokana na kuuza asichokuwa nacho. Chukua mfano huu. Januari unamwazima jirani magunia 10 ya mahindi, unayauza kwa Sh 60,000 kila moja, unapata Sh 600,000. Mavuno yakifika unanunua magunia 10 kwa Sh 35,000 kila moja, unamrudishia yake, na Sh 250,000 ni zako. Lakini mvua ikikosa na gunia likafika Sh 90,000, utamlipa jirani kwa hasara ya Sh 300,000. Hasara ya namna hii haina ukomo, kwa sababu bei ya kupanda haina dari.

Mwaka 1906 aliuza hivyo hisa za reli ya Union Pacific muda mfupi kabla ya tetemeko lililoiharibu San Francisco Aprili 18. Bei haikuporomoka mara moja, naye akavumilia, akapata dola 250,000. Bahati ilikuwa kubwa hapo, tuseme ukweli. Ya mwaka 1907 ilikuwa ya hesabu. Aliona mikopo imekuwa haba New York, akauza zaidi na zaidi, na Oktoba 24, siku ambayo fedha ya kukopa ilikauka sokoni, alipata zaidi ya dola milioni 1. Inasimuliwa kuwa watu wa benki ya J. P. Morgan walimtumia ujumbe kumsihi aache kuuza.

Mwaka uliofuata akaanguka, na anguko hili ndilo ningependa kila mchuuzi wa nafaka alisome mara mbili. Livermore alikuwa na ngano iliyokuwa ikimpa faida. Akajuana na Teddy Price, bingwa wa pamba, mtu mwenye takwimu nyingi na maneno matamu. Livermore, ambaye miaka yote alifuata anachokiona mwenyewe kwenye bei, alianza kufuata anachoambiwa. Akanunua pamba. Bei ikashuka, akanunua tena. Ikashuka, akaongeza. Kwa masimulizi yaliyochapishwa baadaye, alifikisha marobota 440,000. Ili kuibeba pamba hiyo akauza ngano, na ngano ikaendelea kupanda bila yeye. Price, inaelezwa, alikuwa akiuza pamba yake kimyakimya.

Hili halihitaji soko la New York. Nimewaona watu wakiuza maharage yanayotoka haraka ili wapate fedha ya kukodi ghala la vitunguu vinavyooza. Akili inasema vitunguu viuzwe leo kwa hasara. Moyo unakataa, kwa kuwa mtu akiuza kwa hasara amekiri kukosea, na asipouza anajiona bado hajapoteza kitu. Chuoni tulifundishwa mikondo ya ugavi na mahitaji mpaka tukaichora usingizini, lakini sikumbuki mhadhara hata mmoja kuhusu moyo huu.

Mwaka 1915 alitangazwa mufilisi. Dalali mmoja akamruhusu anunue hisa 500 tu kwa mkopo. Maana yake alikuwa na risasi moja. Alikaa wiki sita akiangalia bei bila kununua chochote, mpaka hisa za Bethlehem Steel, kampuni iliyonufaika na vita ya Ulaya, zilipokaribia dola 100. Alinunua kwa dola 98. Zilipopita 110 akaongeza 500 nyingine, na siku iliyofuata zilikuwa 145. Aliongeza baada ya soko kumkubalia, kinyume kabisa na alivyofanya kwenye pamba. Mwaka 1917 aliwalipa wadai wake wote ingawa sheria ilikuwa imemfutia madeni, na akaitengea familia yake fedha ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuigusa. Nadhani mtu hafanyi hivyo kama hajajijua.

Katika msimu wa 1924/25 alikuwa kwenye ngano tena, huko Chicago. Bei ilivuka dola 2 kwa busheli, yaani kilo 27 hivi, kisha ikaporomoka kuanzia Machi 1925. Inasemekana alipata dola milioni 10, nyingi zikiwa za mpinzani wake Arthur Cutten. Mwaka 1929 soko la hisa lilipoanguka, faida yake ilikadiriwa kufika dola milioni 100. Inasimuliwa kuwa mkewe Dorothy, aliposikia habari za anguko, alianza kuhamisha samani akiamini wamefilisika.

Machi 1934 alikuwa mahakamani tena kama mufilisi, madeni zaidi ya dola milioni 2, mali isiyofika dola 200,000. Soko la nafaka la Chicago likamsimamisha uanachama.

Mwaka 1940 alitoa kitabu chake. Humo alishauri mtu asikubali kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya alichoweka katika biashara moja, asiongeze fedha kwenye mali inayoshuka, na kila apatapo faida kubwa achukue nusu yake aifungie benki. Novemba 28 mwaka huohuo alijiua katika hoteli moja mjini New York, akiwa na miaka 63.

Wanaomsoma leo wengi huanza na kitabu kingine, riwaya ya Edwin Lefèvre iliyotoka 1923 na ambayo hadi sasa inachapishwa. Pamba ya 1908 imo, na Bethlehem Steel imo. Jina lake halimo katika masimulizi yenyewe. Humo anaitwa Larry Livingston.