Muyaka bin Haji: Unyumba, Dola na Ucheshi wa Mshairi wa Mvita

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alizaliwa takriban mwaka 1776 na kufariki takriban mwaka 1840. Katika mafunzo ya fasihi yetu amezoeleka kugawanywa mapande mawili. Kuna Muyaka wa vita, msemaji wa Mazrui dhidi ya Lamu na Zanzibar. Na kuna Muyaka wa baraza, mcheshi anayewasuta wapenzi, wanandoa na matajiri wa jana. Wa kwanza hupewa wanahistoria, wa pili huachiwa wapenda burudani. Makala haya yanashikilia kwamba mgawanyo huo hauna msingi: jicho lililoutazama unyumba ndilo lililoitazama dola.

Mombasa aliyoishi ilikuwa na utawala wa mashaka. Tangu katikati ya karne ya 18 Mazrui walikuwa wamekataa kuwatii Wabusaidi wa Omani, na mamlaka yao yalitegemea maelewano na wazee wa Tisa Taifa na Tatu Taifa, makundi mawili makuu ya wenyeji. Kutawala hapo hakukuwa kuamrisha tu. Kulikuwa pia kubembelezana, kuahidiana na kutiliana shaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 majeshi ya Mombasa na washirika wao wa Pate yalishindwa huko Shela, na Lamu ikatafuta himaya ya Sayyid Said. Katika uhasama huo Muyaka alijibizana kwa mashairi na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu. Mwaka 1824 bendera ya Uingereza ilipandishwa Mombasa kwa mpango wa Kapteni Owen. Mwaka 1826 himaya hiyo ilikwisha. Salim bin Ahmed alipofariki mwaka 1835, jamaa zake waligombea urithi, na mwaka 1837 Sayyid Said aliutwaa mji kwa kupitia ufa huo. Wakuu wa ukoo wa Mazrui walikamatwa na kuhamishwa. Mshairi aliishi takriban miaka mitatu zaidi, akiwa shahidi wa kuanguka kwa watu aliowatetea.

Mtu aliyeyashuhudia hayo hakuhitaji msamiati wa aina mbili. Ahadi, hiana, subira, wivu na kiburi ni mambo yanayotawala mashairi yake ya mapenzi kama yanavyotawala yale ya siasa. Mpenzi asiyetimiza ahadi, rafiki anayetoweka fedha inapokwisha na mshirika anayegeuza bendera ni wahusika wa ukoo mmoja. Fauka ya hayo, umbo la shairi lilimfaa mno. Mshororo wa mizani 16 unaokatwa katikati humpa mtunzi nafasi ya kuweka jambo katika kipande cha kwanza na kulitengua katika cha pili. Huo ndio mwendo wa mzaha wenyewe.

Imekuwa desturi kusema kwamba Muyaka alilitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Kauli hiyo ina ukweli, kwani aliifanya tarbia kuwa chombo cha mambo ya kila siku. Hata hivyo isichukuliwe kwamba kabla yake Waswahili hawakuimba ila ya dini. Mapokeo ya gungu na tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo yanatosha kuikanusha dhana hiyo. Vilevile inafaa tahadhari katika kuyasoma mashairi yake kama wasifu. Anayelalamika kwamba ameachwa au amefilisika ni nafsi ya shairi, na si lazima awe ni Muyaka bin Haji mwenyewe.

Tahadhari hiyo inaongezwa uzito na njia ambayo tungo hizo zimetufikia. Nyingi zilihifadhiwa vifuani mwa watu hadi mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipozikusanya kwa kushirikiana na mmisionari W. E. Taylor. William Hichens aliichapisha diwani mwaka 1940 huko Johannesburg, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchambuzi wake mpana. Basi Muyaka tunayemsoma ni yule ambaye wenyeji wa Mombasa waliona anastahili kukumbukwa, na walimkumbuka kwa ucheshi wa nyumbani pamoja na kelele za vita.

Kwa mwanaisimu suala la mwisho ni lugha. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tahajia iliyofuata haionyeshi tofauti ambazo Kimvita huzitunza, kwa mfano mpumuo unaomtenga paa wa mwituni na paa la nyumba. Taylor alijitahidi kuziandika tofauti za aina hiyo. Wengi wa waliomfuata waliziacha. Mwanafunzi anayemsoma Muyaka kwa matamshi sanifu na faharasa pembeni anaweza kuipata maana na kuukosa mzaha. Na katika mtunzi huyu mzaha ndio hoja: humo ndimo alimoweka hukumu yake juu ya wapenzi na watawala kwa pamoja. Kumsomesha bila sikio la Kimvita ni kumrudisha katika yale mapande mawili, tena pande lililo hai zaidi likiwa limenyamazishwa.