Jimmie Rodgers: Mtu wa reli aliyeitwa Chemirocha

Vijana wanaochuma majani chai Kericho na Bomet juma zima, kisha Jumamosi wakawa madijei harusini, wanapita njia ya zamani. Aliipita Mmarekani Jimmie Rodgers.

Alizaliwa mwaka 1897, babake akiwa msimamizi wa vibarua wa reli. Mamake alifariki yeye angali mdogo. Ujanani alifanya kazi ya breki za treni kule Mississippi. Reli ilimlisha, muziki ukangoja zamu iishe.

Mwaka 1924 madaktari walimpata na kifua kikuu. Kazi ya sulubu ikamshinda, akabaki na gitaa. Agosti 1927 alirekodi mjini Bristol, Tennessee, kwa kampuni ya Victor. Mwaka uliofuata, sauti yake iliyoruka ghafla kutoka nzito hadi nyembamba ilikuwa imevuma Marekani nzima. Lakini alikuwa akishindana na mapafu yake. Alifariki New York tarehe 26 Mei 1933, akiwa na miaka 35, siku mbili tu baada ya kurekodi nyimbo zake za mwisho.

Santuri zake zilifika kwa Wakipsigis, jina likageuka Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba kama kiumbe nusu mtu, nusu paa.

Basi wewe mwenye ajira na kipaji, shika vyote viwili. Rodgers hakuiacha reli kwa kiburi. Maradhi ndiyo yaliyomtoa. Usingoje afya ikuamulie.