Fumo Liyongo: Shujaa wa Pwani aliyeuawa na mwanawe

Waingereza wana Beowulf, Waswahili tuna Fumo Liyongo, mshairi na mpiganaji hodari wa pwani ya Kenya.

Inasimuliwa kuwa Sultani wa Pate alimwogopa, akamfunga. Mama yake akaoka mkate wa wishwa, ndani kaficha tupa. Walinzi waliudharau, wakaupitisha. Liyongo akakata minyororo, akatoroka.

Silaha hazikumuweza, ila sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe, aliyeahidiwa binti wa Sultani, akamuuliza siri hiyo. Liyongo alihisi kijana kanunuliwa, lakini akamwambia. Akachomwa usingizini.

Alifia kisimani, kapiga goti, upinde mkononi. Watu wakaogopa kuteka maji, wakidhani yu hai.

Mwaka 1913, Muhamadi Kijuma wa Lamu aliandika utenzi wake.