ALEXANDER FLEMING NA UKUNGU WAKE

Muhula uliopita nilikuwa na kidonda mguuni, nikapewa vidonge vya siku saba. Siku ya tatu nikajiona nimepona, basi vilivyobaki nikampa rafiki yangu wa bweni aliyekuwa akikohoa. Lo! Baada ya wiki mbili kidonda kilirudi na usaha tele, na vidonge vile vile havikufua dafu. Mwalimu wetu wa bayolojia akanituma maktabani nisome habari za Alexander Fleming. Haya ndiyo niliyoyaokota.

Fleming alizaliwa mwaka 1881 shambani, karibu na mji mdogo wa Darvel, Uskoti. Babake alifariki yeye akiwa na miaka 7 tu. Alipofika miaka 13 alikwenda London, na baadaye akawa karani katika kampuni ya meli kwa miaka 4. Urithi mdogo kutoka kwa ami yake ndio uliomwezesha kuanza masomo ya udaktari katika hospitali ya St Mary's mwaka 1901.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alihudumu Ufaransa. Huko aliona askari wakifa kwa vidonda vilivyooza, na dawa kali za kuoshea zikiwadhuru badala ya kuwafaa.

Septemba 1928, alipotoka likizo, alikuta kisahani chake cha bakteria kimeota ukungu. Mwingine angekitupa, si ndiyo? Yeye alitazama vizuri akaona kwamba kando ya ukungu ule bakteria wamekufa. Dawa hiyo akaiita penisilini. Kuisafisha kulimshinda, kazi hiyo ikafanywa na akina Howard Florey na Ernst Chain huko Oxford. Wote watatu walituzwa Nobel mwaka 1945.

Katika hotuba yake ya tuzo alionya kwamba anayetumia penisilini kidogo kuliko inavyotakiwa hawaui vijidudu, bali anawafunza kuishinda dawa. Jamani, niliposoma hapo nilihisi ananisema mimi! Alifariki mwaka 1955, akazikwa katika kanisa la St Paul's, London.

Onyo lake limetimia, na sasa wanasayansi wanatafuta msaada hata kwa mimea. Mwaka 2000, huko Marekani, walieleza habari za vichaka vya jamii ya Berberis. Vina kemikali iitwayo berberini inayoua bakteria, lakini bakteria wengine wana pampu za kuitapika nje. Kumbe mmea una kemikali ya pili! Hiyo peke yake haiui, ila huziba pampu zile, nayo berberini ikabaki ndani ikifanya kazi. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hayo ni ya maabara. Tusianze kuchemsha majani ovyo.

Mimi nilipona kwa dawa nyingine, na safari hii niliimaliza yote. Wenzangu, malizeni dozi, wala msigawiane vidonge bwenini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu nusura liniponyoke!