Édouard Lucas: Aliyeandaa kazi ya kompyuta kabla ya kompyuta

Kwa miaka mingi, programu zilizosaka namba tasa kubwa zaidi duniani zilijengwa juu ya njia ya mwalimu mmoja wa Paris aliyefariki mwaka 1891. Édouard Lucas alikuwa nani?

Alizaliwa Amiens, Ufaransa, Aprili 4, 1842. Alifanya kazi katika kituo cha kuchunguza nyota cha Paris, akapigana vita dhidi ya Prussia akiwa afisa wa mizinga, kisha akafundisha hesabu. Wengi wanamjua kwa mchezo wa Mnara wa Hanoi, alioutoa mwaka 1883.

Tukumbushane: namba tasa hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Lucas alivutiwa na zile zinazopatikana kwa kuzidisha mbili kwa mbili mara kadhaa, kisha kutoa 1, kama 7, 31 na 127. Kwa mfumo wa kompyuta wa 0 na 1, tarakimu zake zote ni 1. 31 huandikwa 11111.

Kuijaribu namba kubwa kwa kuigawanya kwa kila namba ndogo ni kazi isiyokwisha. Lucas akapata njia ya mkato, ambayo baadaye Mmarekani Derrick Lehmer aliirahisisha. Tuijaribu kwa 31. Anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2: unapata 14. Rudia: 194, ukigawanya kwa 31 inabaki 8. Rudia na hiyo 8: 62, na sasa haibaki kitu. Raundi ni tatu, yaani mbili pungufu ya zile tarakimu tano. Basi 31 ni tasa.

Mwaka 1876, kwa mkono, Lucas alithibitisha kuwa namba yenye 1 mara 127 ni tasa. Kwa maandishi yetu ya kawaida ina tarakimu 39. Hadi mwaka 1951 hakuna aliyepata kubwa zaidi. Kinachotushangaza sisi zaidi ni kwamba mwaka huohuo alionyesha ile yenye 1 mara 67 si tasa, bila kujua inagawanyika kwa namba gani.

Kifo chake kilikuwa cha ajabu. Katika karamu ya mkutano wa wanasayansi Marseille, mhudumu aliangusha vyombo, kigae kikamkata shavuni. Jeraha likaingia maradhi, akafariki Oktoba 3, akiwa na miaka 49.

Mwaka 1952 Raphael Robinson aliandika programu ya njia hiyo kwa ajili ya kompyuta ya SWAC, Los Angeles, akitegemea kitabu cha maelekezo tu, bila kuwahi kuiona mashine yenyewe. Januari 30 ilipowashwa, ilipata namba tasa mbili siku hiyohiyo: yenye 1 mara 521, na yenye 1 mara 607.