Christie: Fundi aliyeuza kifaru kwa jina la trekta

MWISHONI mwa mwaka 1930, shehena ya mitambo miwili iliondoka Marekani kwa meli kwenda Urusi ya Kisovieti. Hati za shehena zilionyesha kuwa ni matrekta ya kilimo. Kumbe yalikuwa mabodi ya vifaru vya kivita yasiyo na minara ya bunduki. Muuzaji aliitwa John Walter Christie.

Christie alizaliwa mwaka 1865 katika jimbo la New Jersey. Akiwa kijana wa miaka 16 alianza kazi katika kiwanda cha chuma mjini New York, na jioni alikuwa akienda masomoni. Ujuzi wake wa mashine ulimpa kazi ya uhandisi katika kampuni za meli.

Baadaye aligeukia magari. Aliamini kuwa injini iendeshe magurudumu ya mbele, wakati wengi waliendesha ya nyuma. Mwaka 1907 alikwenda Ufaransa kushindana katika mbio kubwa za magari, akiwa na gari la injini ya karibu lita 20. Gari liliharibika na hakumaliza mbio.

Fedha alizipata kwenye zimamoto. Wakati huo pampu za mvuke zilivutwa na farasi, na miji mingi haikuwa na uwezo wa kutupa pampu nzima ili kununua mpya. Christie alitengeneza kichwa cha magurudumu mawili chenye injini, ambacho kilifungwa mbele ya pampu ileile ya zamani mahali pa farasi. Mteja alinunua kile tu alichopungukiwa. Vichwa vipatavyo 600 viliuzwa, vingi vikienda New York. Lakini zilipokuja pampu zenye injini zake, soko hilo lilikufa.

Tangu Vita Kuu ya Kwanza Christie alikuwa ameanza kutengeneza magari ya kijeshi. Vifaru vya Marekani vya enzi hiyo vilitembea chini ya kilomita 10 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Yeye alitaka kifaru chepesi, kinachofika kabla adui hajajipanga.

Mwaka 1928 alionyesha jibu lake. Kila gurudumu lilikuwa na springi yake kubwa, hivyo gurudumu moja lilipopanda jiwe au kuingia shimoni, mengine hayakutikiswa. Chombo hicho cha tani zipatazo 8 kilikwenda karibu kilomita 68 kwa saa kikiwa na minyororo. Minyororo ikivuliwa, kilikimbia barabarani kwa magurudumu kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100.

Jeshi la Marekani lilivutiwa na kasi, lakini likataka mabadiliko. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Christie hakupenda kuelekezwa. Maofisa walipotaka jambo moja, yeye aliwaletea jingine alilolibuni karibuni na kusema ndilo bora. Mwaka 1931 jeshi liliagiza vifaru 7 tu, kisha likatafuta watengenezaji wengine. Poland nayo ililipia kifaru kimoja, hakikufika, ikabidi irudishiwe fedha zake.

Urusi haikubishana naye. Ililipa dola 60,000 kwa mabodi yale mawili, ikayafungua, ikajifunza na kuanza kutengeneza vyake. Kutokana na mabodi hayo ulitoka ukoo wa vifaru vya BT, na mwaka 1940 kikafuata T-34, kilichobeba springi za Christie. Warusi waliacha utaratibu wa kuvua minyororo, wakaongeza unene wa chuma na kubakiza kilichowafaa. Zaidi ya T-34 50,000 zilitengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Uingereza nayo ilinunua chombo kimoja mwaka 1936 kupitia kampuni ya magari ya Morris, na springi zake zikaingia katika vifaru vyake vilivyopigana katika jangwa la Afrika Kaskazini.

Wakati huo Christie alikuwa tayari na wazo jingine, kifaru cha chini ya tani 5 cha kubebwa na ndege. Nchi yake haikukinunua. Alifariki dunia Januari 1944 huko Virginia, akiwa na miaka 78 na fedha kidogo, wakati majeshi ya nchi nyingine yakipigana kwa kazi ya mikono yake.

Wahenga walisema biashara haigombi. Christie alifanikiwa pale alipomwangalia mteja mwenye pampu ya zamani na kumpa kilichopungua. Alishindwa pale alipotaka mnunuzi akubali kila kitu kama alivyokibuni yeye. Fundi wa majembe ya kukokotwa au mashine za kukoboa anaweza kuwa na ubunifu kuliko wenzake wote wa mjini, lakini asipomsikiliza mkulima aliyeleta oda, atakayesikiliza ndiye atakayeuza.