Lamborghini: Mtoto wa mkulima aliyeanza na trekta

WENGI wakisikia jina Lamborghini huwaza magari ya matajiri. Lakini mwenye jina hilo, Ferruccio Lamborghini, alikuwa mtoto wa wakulima, na mtaji wa magari hayo ulitoka kwenye matrekta.

Alizaliwa Aprili 28, 1916 Renazzo, kijiji cha kaskazini mwa Italia. Tangu utotoni alipenda mashine kuliko jembe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa fundi wa magari ya jeshi la anga katika kisiwa cha Rhodes.

Aliporejea nyumbani mwaka 1946, aliwakuta wakulima wanahitaji matrekta lakini mapya hawayamudu. Akanunua magari ya kijeshi yaliyobaki baada ya vita, akatumia injini na vipuri vyake kuunda matrekta. Kwa kuwa petroli ilikuwa ghali, alibuni kifaa kilichowezesha injini kuwashwa kwa petroli, kisha kufanya kazi kwa dizeli iliyokuwa nafuu. Mwaka 1948 akaanzisha kampuni ya matrekta mjini Cento, na baadaye akaongeza biashara ya mitambo ya kupasha nyumba joto.

Faida ikamwezesha kununua magari ya kifahari, yakiwamo ya Ferrari. Inasimuliwa kuwa klachi zilimsumbua, akaenda kulalamika kwa Enzo Ferrari, asisikilizwe. Iwe hivyo au la, mwaka 1963 alifungua kiwanda chake cha magari Sant'Agata Bolognese.

Mwaka 1966 kiwanda kikatoa gari la Miura, lililopewa jina la ukoo wa wafugaji wa fahali wa kupigana nchini Hispania. Injini yake ya silinda 12 ilikingamishwa nyuma ya viti, mbele ya magurudumu ya nyuma, jambo lililokuwa geni kwa magari ya barabarani. Hadi 1973 yalitengenezwa takriban 760.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mambo yakaharibika. Oda kubwa ya matrekta kutoka Bolivia ilifutwa baada ya serikali kupinduliwa, kazi ikiwa imeshaanza. Kampuni ya matrekta ikauzwa kwa SAME, na kufikia 1974 alikuwa ameuza hisa zake zote za kiwanda cha magari.

Alihamia shambani kwake karibu na Ziwa Trasimeno, akalima zabibu na kutengeneza mvinyo hadi alipofariki Februari 20, 1993, akiwa na miaka 76.

Funzo lipo kwenye oda ile. Mteja mmoja mkubwa anaweza kukujenga, lakini ukimtegemea peke yake, akianguka mnaanguka wote. Lamborghini alipoanguka, shamba ndilo lililompokea.